Wiki kumi kabla ya kuripoti chuoni: kijana wa futiboli ya Kimarekani ajiandae vipi?

SWALI: Mwanangu ana miaka 18. Amesaini na chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza huko kusini ili acheze futiboli ya Kimarekani. Yuko mstari wa mbele, wale wanaomlinda mrusha mpira. Ana kilo 127 na kocha amemwambia wangependa kumwona kwenye 134. Anaripoti mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo zimebaki wiki kumi. Sisi tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa tuko Iowa, na mpira tunaoujua nyumbani ni ule wa kina TP Mazembe. Kila siku anakimbia kilomita nane, kisha ananyanyua vyuma mpaka anatapika. Ndivyo inavyotakiwa? Tumpikie nini? Na sisi wazazi tuna la kufanya, au tukae tu tukiomba? (Mama wa Des Moines)

JIBU: Hongera, mama, wewe na baba yake. Sivyo inavyotakiwa, na naanza na huko kutapika kwa sababu ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kilo saba anazotafuta. Kijana anayetapika kila siku mazoezini anauchosha mwili tu. Kwa mwendo huo atafika Juni na goti bovu au nyama za paja zilizochanika, na mchezaji mpya aliyeumia siku ya kwanza hukaa pembeni wenzake wakijifunza.

Kwanza ujue kinachomsubiri. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu wiki nane za mazoezi ya lazima wakati wa kiangazi, yasiyozidi saa nane kwa wiki, na ndani ya hizo saa mbili tu zinaweza kutumika kutazama video za mechi na kupitia mbinu. Anayeingia Juni kwa kawaida huandikishwa masomo ya kiangazi. Kambi yenyewe ya kujiandaa na msimu huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Kwa hiyo kocha wa viungo ana karibu miezi miwili ya kumjenga, na Juni hakuna anayetegemea kuona mtu aliyekamilika. Wanataka mwili mzima, uliozoea kazi, ambao wanaweza kuupandisha.

Hatari iko siku nne tano za mwanzo, na chanzo chake kikubwa ni kiherehere. Mwaka 2011, hapo hapo Iowa, wachezaji wa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa walirudi kutoka likizo ya Januari wakapewa skwati 100 (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) kwa nusu ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja anaweza kuunyanyua mara moja, huku wakipimwa muda. Wachezaji 13 walilazwa hospitalini. Misuli iliyolazimishwa kazi ambayo haijaizoea ilivunjika na kumwaga protini yake kwenye damu, na protini hiyo huziba na kuumiza figo. Dalili mwambie azikariri: misuli inauma na kuvimba kupita kawaida siku moja hadi tatu baada ya mazoezi, mikono haikunjuki, na mkojo unakuwa na rangi ya kola au chai ya rangi. Akiuona mkojo huo aende hospitali saa ile ile. Asisubiri kesho, na asimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni, maana zinazidi kuzilemea figo.

Tangu 2019 makocha wa viungo wa Marekani wana mwongozo wa pamoja: mchezaji mpya, wiki ya kwanza wingi wa mbio upunguzwe kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Wiki ya kwanza, akifanya kazi sekunde 10 apumzike walau 40. Mwanao akijua namba hizo atatambua kama anaongozwa vizuri. Naye azitumie nyumbani kila anapokaa wiki mbili bila mazoezi, kwa mfano wakati wa mitihani ya mwisho na sherehe za kuhitimu. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: wanalegea wiki mbili za Mei, kisha wanataka kufidia yote kwa siku tatu.

Sasa zile kilomita nane. Aziache leo. Katika mchezo huu mpambano mmoja huchukua sekunde nne hadi sita, kisha saa inahesabu sekunde 40 kabla ya mpambano unaofuata. Anatakiwa kulipuka, apumue, alipuke tena, mara 60 au 70 kwa mechi. Mbio ndefu za mwendo mmoja hazimfundishi hilo, na kwa mtu wa kilo 127 kila hatua ni nyundo kwenye muundi wa mguu. Kama chuo kimemtumia programu yake, na vingi hutuma, afuate hiyo aache yangu. Kama bado, amwandikie kocha wa viungo aiombe. Akiikosa kabisa, hii itamfaa.

Wiki tatu za kwanza akimbie siku tatu kwa wiki tu. Siku mbili, mita 100 kwa kasi ya wastani, kama asilimia 70 ya nguvu zake, mara nane hadi kumi, arudi akitembea. Siku ya tatu afanye mbio fupi za yadi 10 na 20, sita hadi nane, kwa kasi yote na mapumziko ya dakika mbili. Hizi fupi asizikwepe. Anayekimbia kwa kujivuta miezi mitatu kisha siku ya kwanza chuoni akaambiwa afyatuke ndiye huyo unayemwona ameshika paja.

Kuanzia wiki ya nne aingie kwenye yadi 110. Hicho ndicho kipimo cha pumzi kinachotumika sana vyuoni: mara 16, mapumziko sekunde 45. Wepesi hupewa kama sekunde 15 kwa kila mbio, wa mstari wa mbele kama 19, ingawa kila chuo kina namba zake. Yadi 110 ni mita 100 na nusu, kwa hiyo sehemu iliyonyooka ya uwanja wa riadha wa shule inatosha. Wiki ya nne akimbie sita kwa mapumziko ya dakika nzima. Kila wiki aongeze mbili, na mapumziko ayashushe polepole hadi sekunde 45, afike 14 wiki ya nane. Wiki ya tisa ajaribu 16, mara moja tu. Wiki ya kumi apunguze nusu na alale. Mbio hizi zitoshe mara mbili kwa wiki, na siku ya tatu ibaki ya zile fupi.

Vyuma, siku nne kwa wiki: mbili za miguu, mbili za juu. Skwati seti nne za mara tano, kwa asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake wa juu. Aiache seti akiwa bado ana nguvu za kurudia mara mbili zaidi, na hapo kutapika kutaisha kwenyewe. Kujaribu uzito wa juu kabisa katika wiki tatu za mwisho ni ujinga, hata rafiki zake wakimrekodi kwenye simu. Vijana wengi hupenda benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) kupita kiasi kwa sababu ndiyo inayoonekana kifuani, kisha bega linaanza kulalamika. Kwa kila seti ya kusukuma afanye mbili za kuvuta. Kwa nyuma ya paja apige magoti, mtu amshikilie vifundo vya miguu, ajishushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, seti tatu za mara tano, siku mbili kwa wiki. Shingo nayo isisahauliwe: kiganja kisukume kichwa na kichwa kikatae, pande nne, sekunde kumi kumi. Kwa mshiko wa mikono, madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji ni kilo 40. Atembee nayo mita 40, mara nne. Bei yake ni ya maji.

Joto ni sura ya pekee, hasa kwa kuwa anatoka Iowa kwenda kusini. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea kufanya kazi kwenye joto: unajifunza kutoa jasho mapema, na damu inaongezeka maji. Wiki mbili za mwisho afanye mazoezi nje alasiri, aanze na dakika 25 nyepesi, aongeze kumi kila siku au mbili hadi afike saa moja. Asivae koti la plastiki wala masweta matatu, maana hapo anajipika. Hata huko kambini sheria inawataka waanze na helmeti tu siku mbili za kwanza kabla ya kuongezewa pedi, kwa sababu hiyo hiyo.

Kiharusi cha joto kinaua, na wanaokufa mara nyingi ni wanene wa mstari wa mbele. Mei 2018 mchezaji wa nafasi hiyo hiyo wa Chuo Kikuu cha Maryland, Jordan McNair, alizidiwa akikimbia yadi 110 hizo hizo, na akafariki wiki mbili baadaye akiwa na miaka 19. Uchunguzi ulionyesha hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu. Mwanao ajue hivi: mwenzake akianza kupepesuka, kuongea ovyo au kugombana bila sababu kwenye joto, huo si uvivu. Ni beseni la maji ya barafu kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Na yeye mwenyewe akijisikia hivyo aseme. Huko kwetu mtoto wa kiume hufundishwa kuvumilia. Hapa uvumilivu wa aina hiyo hautakiwi.

Sasa nifike kwenu wazazi, maana kuna mambo ambayo kocha hawezi kuyajua bila nyinyi.

La kwanza ni damu. NCAA inadai kila mchezaji ajulikane kama ana chembe ya selimundu, yaani kama ni AS: ameirithi kwa mzazi mmoja tu, bila kuwa mgonjwa. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga. Wako hakuzaliwa hapa, na katika eneo letu la Maziwa Makuu AS ni wengi. Nendeni mkapime sasa, msisubiri Juni. Ni kipimo cha kawaida cha damu, na daktari wa familia anaweza kukiagiza. Kuna wazazi wanaoficha jibu wakidhani mtoto atanyang'anywa ufadhili. Kuwa AS hakumzuii kucheza. Kinachoua ni kutojulikana: mwaka 2006 Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice alianguka mazoezini na kufa kesho yake, naye alikuwa AS bila kujua. Ndiyo asili ya sheria hii.

Akiwa AS, apande mazoezi polepole kuliko wenzake, apewe mapumziko marefu kati ya mbio, na asilazimishwe vipimo vya muda siku ya kwanza. Akizidiwa, dalili zake ni tofauti na za misuli kukaza. Mwenye kukaza misuli hupiga kelele na msuli unakuwa mgumu kama jiwe. Mwenye selimundu huishiwa nguvu miguuni, analala chini kimya, msuli ukiguswa ni laini, na mara nyingi hutokea dakika za mwanzo kabla joto halijapanda. Kocha asiyejua hudhani anatega. Asimamishwe papo hapo, apewe oksijeni, na apelekwe hospitali asipopata nafuu haraka.

La pili ni moyo. Daktari atauliza: kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50? Msijibu haraka "hapana". Pigeni simu Uvira, waulizeni mashangazi na wajomba. Katika familia nyingi kuna kijana aliyeanguka shambani au akiogelea ziwani na watu wakasema amerogwa, au "presha". Sibishani na mtu kuhusu maelezo hayo, ila mwambieni daktari tukio lenyewe lilivyokuwa. Huenda akaagiza kipimo cha umeme wa moyo. Uchunguzi wote wa mwili uwe umefanyika ndani ya miezi sita kabla ya mazoezi ya kwanza, vinginevyo anarudishwa.

La tatu, kifua kikuu. Vyuo vingi huwapima wanaotoka nchi zetu. Kama alichanjwa BCG utotoni, na ana kile kikovu begani, kipimo cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba ingawa hana ugonjwa, halafu mnaanza kuhangaika na picha za kifua wakati wenzake wako uwanjani. Ombeni kipimo cha damu badala yake; BCG haikivurugi. Kadi za chanjo ziambatane, hasa surua mara mbili na homa ya uti wa mgongo.

La nne ni karatasi za shule, na hapa ndipo familia zilizopita kambini zinapokwama. Kituo cha NCAA kinachohakiki wachezaji huhesabu masomo kuanzia mwaka wa tisa, popote ulipofanyika. Kama mwaka huo aliusoma Nyarugusu kwa mtaala wa Kikongo, wanataka ripoti za shule zenyewe za Kifaransa pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Tafsiri ya binamu haikubaliki. Kwa jumla anatakiwa awe na kozi 16 za msingi na wastani wa 2.3. Na akihitimu mwezi wa tano, shule yake ya Iowa itume transkripti ya mwisho (orodha ya masomo na alama zake) yenye tarehe ya kuhitimu. Mfuatilie mshauri wa shule kabla hajaenda likizo, kwa sababu Juni ofisi huwa tupu.

Chakula. Kocha anataka kilo saba kwa wiki kumi. Mwili wa kijana anayefanya mazoezi hujenga vizuri kama nusu kilo kwa wiki. Zaidi ya hapo ni mafuta atakayoyabeba kwenye zile yadi 110. Alenge 132 na afike akiwa mwepesi wa miguu, zilizobaki atazipata chuoni kwa chakula chao. Nusu kilo hiyo inahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, ambazo ni bilauri mbili za maziwa na mkate mzito uliopakwa siagi ya karanga.

Protini anahitaji gramu 200 hivi kwa siku. Bila poda yoyote: mayai matano na bilauri mbili za maziwa asubuhi zinampa 46. Mchana kuku wa gramu 200 na kikombe cha maharage, 75. Baada ya mazoezi maziwa nusu lita na konzi ya karanga, 24. Usiku samaki mkubwa wa gramu 250, 60. Imetimia. Sombe, fufu, ugali na wali viendelee. Kosa ninaloliona kwenye nyumba zetu ni mlima wa fufu wenye kipande kimoja cha nyama, na asubuhi chai na andazi. Asubuhi ndiyo ya kurekebisha.

Maji ayapime kwa mizani. Ajipime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea airudishe kwa lita moja na robo hadi moja na nusu, taratibu kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Fulana ikikauka na mistari myeupe, huyo anapoteza chumvi nyingi. Asinywe magaloni ya maji matupu kwa hofu ya kukaza misuli. Kuna vijana waliokufa kwa chumvi ya damu kushuka.

Virutubisho vya kopo navisema kwa ufupi. Krietini gramu 3 hadi 5 kwa siku haina shida. Zile poda za kuamsha mwili kabla ya mazoezi aziache, nyingi huchanganywa vitu visivyoandikwa, na NCAA haisikilizi "sikujua": kosa la kwanza linaweza kumfungia mwaka mzima. Chochote atakachonunua kiwe na alama ya NSF Certified for Sport, na hata hivyo akionyeshe kwanza chuoni. Mjomba akija na miraa kwenye sherehe ya kuhitimu, kijana asiguse. Ni haramu kisheria Marekani, na kilichomo ni kichangamshi cha aina inayokatazwa.

Kichwa nacho kinajiandaa. Amwombe kocha wa nafasi yake orodha ya maneno wanayotumia kwa mipangilio ya wachezaji na miito ya uwanjani. Achore mipango kumi ya mchezo kwa mkono kila siku, aseme kwa sauti nani anamzuia nani, kisha dada yake ambadilishie walinzi kwenye karatasi aseme tena. Anayefika akielewa lugha ya timu hucheza kwa kasi, na asiyeielewa huonekana mzito hata kama ana mbio. Na alale mapema: mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi ni ya kawaida, hivyo wiki mbili za mwisho saa tatu na nusu usiku simu iwe chumba kingine.

Pesa: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mbali na mikataba ya matangazo. Mkataba wowote usomwe na mwanasheria kabla ya kusaini, na robo hadi theluthi ya kila dola iwekwe kando kwa kodi. Jazeni pia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anastahili misaada ya serikali kama raia.

Begi liwe dogo. Njumu, helmeti na nguo za mazoezi atapewa, msinunue. Anunue viatu vya kukimbilia na avivae wiki tatu kabla, visije vikamchubua. Shuka ziwe za Twin XL, vitanda vya mabweni ni virefu kuliko vya nyumbani.

Mwisho, siku ya kumpeleka muulizeni mtaalamu wa tiba wa timu jina na namba yake ya simu. Kijana ana miaka 18, kwa hiyo hospitali haitawaambia kitu bila saini yake. Asaini fomu ya kuwaruhusu madaktari waongee na wewe na baba yake kabla hamjaondoka pale. Na kwenye fomu hiyo hiyo andikeni kwamba mnahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bure, hata kwa simu, hata usiku wa manane.